Mlimao umejaa maua, nikikata vitawi niweke ndani matunda yatapungua?

dada_isevya
Habari za usiku wapendwa. Niko Tabora mjini, Isevya. Nyuma ya nyumba nna mlimao wa kubebesha, yaani ule uliounganishwa juu ya shina la mti mwingine, sasa mvua za kwanza zimedondoka tu mti mzima umetoa maua na huku malimao ya nyuma bado yananing'inia, yaani tawi moja unakuta ua limechanua, kitumba cha zambarau na limao lililokomaa vyote pamoja. Asubuhi ukifungua dirisha harufu inafika mpaka jikoni na nyuki wameshajaa. Mimi napenda sana maua ndani ya nyumba, maua yenyewe sio ya plastiki, na nimeshachuma malimao nimejaza sinia pale mezani nikataka nikate na vitawi vya maua niweke kwenye jagi pembeni. Mama mkwe kaniona na kisu akaniambia mwanangu ukikata ua umekata limao. Nikaacha kwa heshima yake ila roho bado inataka. Ni kweli matunda yatapungua? Na mnafanyaje yasinyauke haraka na hili joto la Novemba? Halafu nasikia maua na matunda hayakai meza moja, hilo nalo likoje?

fundi_miche_cheyo
Mwangaluka dada. Mama mkwe ana hoja, kila limao lilianza kuwa ua. Ila angalia chini ya mti wako asubuhi, utakuta maua yamejitandaza chini yenyewe, na baadaye vile vitunda vidogo kama punje ya choroko navyo vitadondoka vingi. Mti wa jamii hii unatoa maua mengi kuliko uwezo wake wa kulea, yanayofika kuwa tunda ni sehemu ndogo sana. Kwa hiyo vitawi vichache vya jagi moja havikupunguzii kitu cha kuona kwa macho. Muhimu ni unakata wapi. Ingia ndani ya mti kule kulikosongamana, kata kitawi cha urefu wa kiganja, acha ncha za nje zinazopigwa jua, na usiguse chenye vitunda vilivyoshika tayari. Mkasi uwe mkali na msafi.

Halafu kwa vile wako ni wa kubebesha kagua chini ya kiungo. Kama kuna machipukizi yametoka pale chini, miiba mikubwa na majani hayafanani na ya juu, hayo ni ya shina lililobeba, mara nyingi limao la kienyeji la ganda la kukwaruza. Hayo ondoa yote bila huruma yanakula chakula cha mti wako.

bi_maua_ng'ambo
Mie hapa nimefurahi maana watu wengi mji huu wanaona maua ndani ni mambo ya harusini tu. Mdogo wangu kata asubuhi mapema kabla jua halijapanda, shina likiwa bado limejaa maji. Chagua kitawi chenye vitumba vilivyovimba vinavyokaribia kufunguka, lile ambalo limeshachanua kabisa litapukutika mezani kesho yake. Kata mshazari, toa majani yote yatakayozama kwenye maji maana yakioza ndo yanaleta ule uvundo, na badili maji kila siku au ukiruka siku moja huku unapunguza ncha ya shina kidogo.

Na hapo hapo limao lako lina kazi. Lita moja ya maji, kijiko cha chakula cha sukari na viwili vya maji ya limao. Sukari inalisha ua, ule ukali wa limao unafanya maji yapande vizuri kwenye shina na bakteria hawafurahii. Wengine wanatia matone ya jiki, sawa, ila chagua moja, jiki na limao USICHANGANYE inatoa hewa mbaya ya kuwasha kifua.

Kuhusu matunda ni kweli kwa baadhi. Ndizi mbivu, embe, papai, parachichi yanatoa gesi ile ile inayoivisha mwenzake na hiyo ndo inazeesha maua. Na msimu wa maembe ndo huu unaingia kwa hiyo sinia la maembe weka mbali kabisa. Limao zima halina shida linatoa kidogo mno, weka pembeni ya jagi upendeze nyumba. Ila likishaota ule ukungu wa kijani toa siku hiyo hiyo, bovu linatoa gesi nyingi na linaambukiza yaliyoligusa.

mjomba_ujiji
Nawasoma toka Kigoma. Sisi huku malimao yanakomaa yamebaki kijani, dada wa Tabora nyie mna usiku wa baridi wa Juni na Julai ndo unaotoa ile njano. Huku ziwani joto la usiku halishuki sana. Watu wanasubiri yageuke njano mtini mpaka yanakauka maji ndani, kumbe angalia uzito mkononi na ganda likiwa nyororo na linang'aa, chuma. Na limao likishachumwa haliivi zaidi kama embe, ulivyolikata ndivyo lilivyo.

Mimi yangu ni jikoni. Mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, wa kuchoma umetoka jikoni moto, unakamua limao la mtini kwako na chumvi na pilipili, hapo huongei na mtu. Hata dagaa wa kukaanga. Limao la sokoni limeshakaa juani siku ngapi hujui, la kwako ukikwaruza ganda tu mafuta yanaruka.

neema_kitete
Naongezea jambo moja kwa wenye watoto. Mvua hizi kuna yale maua mekundu ya mviringo yanayochomoza ardhini porini, yanavutia sana na ndani yanadumu, mimi huwa naweka. Ila kitunguu chake kina sumu, mbuzi na watoto wasikifikie, kata ua tu kiache ardhini kitoe tena mwakani.

dada_isevya
Jamani asanteni mno. Nimemsomea mama mkwe maelezo ya fundi, akanyamaza akaenda kuangalia chini ya mti mwenyewe, karudi anasema kata yale ya ndani na mimi uniwekee chumbani kwangu. Fundi nimekagua kiungo, yapo machipukizi mawili yana miiba kweli. Nikate na mkasi au? Na majani mengine kuna wadudu kama kinyesi cha ndege, ukiwagusa wanatoa kitu kama pembe za rangi ya chungwa zinanuka.

fundi_miche_cheyo
Yakiwa bado laini yang'oe kwa mkono kuelekea chini, ukikata na mkasi yanarudi zaidi. Hao wadudu ni viwavi wa kipepeo, mti mkubwa kama wako hawaumizi sana, waokote asubuhi usipige dawa maana nyuki wako kazini. Mche mdogo ndo wa kuangalia kila siku, wanamaliza majani yote.

mjomba_ujiji
Fundi, miche ya kubebesha unayo? Nna ndugu anapanda treni kuja huku wiki ijayo anaweza kunibebea miwili.

fundi_miche_cheyo
Ipo mkuu. Aje nayo kwenye viroba vyake, anyweshe jioni kabla ya safari, na ikifika usiipande siku hiyo, iache kivulini siku kadhaa kwanza.