Kunguru wanavizia kijumba cha jurawa uani, nifanyeje?

Mama_Kisauni: Assalam aleikum jamani. Mwanangu alinitengenezea kijumba cha ndege, tukakipigilia kwenye mwembe uani. Miezi ikapita kitupu. Juzijuzi jurawa wawili wakaanza kuingiza nyasi, manyoya ya kuku, hata nyuzi za leso yangu! Sasa mna mayai manne. Kila asubuhi nakaa barazani na chai yangu nawatazama wakipokezana, huyu aingia yule atoka. Balaa ni kunguru. Jana mmoja alitua kwenye kijiti cha mlangoni akaingiza kichwa kizima, nikamrushia ndara. Nikilipunguza lile tundu sasa, hawatasusa mayai? Mavyaa ashaniambia ndege akisikia harufu ya mkono wa mtu harudi tena.

Seremala_Changamwe: Dada, kijiti hicho ndicho ngazi ya mwizi. Jurawa hana haja nacho, kikate. Tundu lisizidi sentimita 3.2. Usigonge misumari mayai yakiwa ndani! Toboa tundu hilo kwenye kibao kingine, mbali na kijumba, kisha kifunge kwa skrubu mbele ya tundu la zamani wakiwa wametoka kutafuta chakula. Dakika tano umemaliza. Na paa kama ni bati, tandika makuti juu, kwa jua hili letu makinda yatachomeka.

Mzee_Tudor: Hilo la harufu tuliambiwa sote utotoni ili tusichezee viota. Ndege hasusi kwa harufu ya mkono, hususa akisumbuliwa kila mara, kwa hiyo kuchungulia sasa basi. Huatamia siku 11 hadi 14, na makinda hukaa kiotoni kama wiki mbili. Hao kunguru ni wa Bara Hindi, waliletwa Unguja miaka ya 1890, huku kwetu Mombasa wakaonekana 1947. Hawaachi yai wala kinda.

Kijana_wa_Feri: Na jurawa wa mjini naye si mgeni vilevile? Angekuwa kwezi, ndege wa kwetu, ningekuja mwenyewe na drili 😂

Mama_Kisauni: Mgeni wangu lakini, huyo nimemkaribisha! Kibao tumekifunga adhuhuri. Jike alilizunguka tundu jipya kama robo saa, roho yangu juu, mwisho akajipenyeza ndani. Kunguru yuko kwenye waya wa stima ananikodolea macho. Na mavyaa, aliyesema hawarudi, kashahamishia kiti chake barazani.