Wakuu, hivi vifaa vya kukata mkanda na kuvunja kioo vinasaidia kweli ajali ikitokea?

Baba Junior_Soweto

Wakuu habarini za jioni. Naomba ushauri hasa kwa nyie mnaopiga barabara ya Moshi Arusha kila siku kama mimi. Nakaa Moshi huku Soweto, kazi ipo Arusha, asubuhi naondoka na IST yangu jioni narudi, mara nyingi nabeba watu wawili watatu tunachangia mafuta, wikiendi ndani anakua wife na watoto wawili na mdogo bado anakaa kwenye kile kiti cha watoto.

Sasa tangu ile ajali ya Sabasaba pale Same Juni 2025, basi na kosta zikagongana zikawaka moto wakafariki watu zaidi ya 30, wife hana amani kabisa. Kila siku ananitumia matangazo ya vile vifaa vya mfukoni. Kuna cha kuning'iniza kwenye funguo, kadogo tu kama kidole gumba, upande mmoja kana wembe wa kukata mkanda upande wa pili unasukuma kioo kinapasuka. Kuna kinyundo cha rangi ya chungwa, hivi wanatembeza machinga. Alafu kuna dude moja wanaita kumi kwa moja, lina tochi, lina filimbi, lina kisu, lina dira, sijui na sumaku, hili ndo wife amelipenda na bei yake imechangamka kidogo.

Swali langu, kuna mtu ameshawahi kukitumia KWELI, sio video za mtandaoni? Au ndo tunauziwa mapambo ya funguo? Na kama ni kununua ninunue kipi na nikiweke wapi? Nipo serious wakuu, wa matani wapite kushoto.

Mangi wa Kiboriloni

Mkuu okoa hela yako ukanywe hata supu. Kile kichwa cha siti ya gari yako kinachomoka, zile chuma mbili za chini Mjapani kaziweka makusudi uvunjie kioo. Mnapenda kununua makolokolo wakati gari limekuja na kila kitu.

Fundi Vioo UngaLtd

Mangi hapo umepotosha ndugu yangu. Zile chuma zinachomoka ili uweze kupandisha na kushusha kichwa cha siti basi, hazijatengenezwa kwa ajili ya kioo. Sisemi haiwezekani, nimeona mtu kaziingiza pale kioo kinapoingilia mlangoni akakandamiza kama mtaimbo kikapasuka, ila hiyo alikua amesimama nje gari imepaki amevuta pumzi. Wewe uko ndani, gari imelala ubavu, abiria wa nyuma anapiga kelele, hebu niambie unabonyeza kale kakitufe saa ngapi.

Baba Junior ngoja nikueleze vizuri maana hivi vitu navishika kila siku hapa gereji. Kwanza ujue gari yako ina vioo vya aina mbili. Cha mbele, windoskrini, ni vioo viwili vimegandishwa na katikati kuna kama nailoni ngumu, ndo maana jiwe likipiga kinatoa nyota lakini hakidondoki. Hicho sahau, hakuna kifaa cha mfukoni cha kukitoa hicho, utakichoma choma matundu mpaka uchoke. Vya pembeni kwenye magari yetu mengi haya ya Japan ni tempa, kile kinachopasuka chote kwa mpigo kikawa chengachenga. Kioo cha tempa kimechemshwa kikapozwa ghafla kiwandani kwa iyo ndani yake kimejivuta muda wote, ukipata nukta MOJA ndogo na ngumu ikakitoboa ngozi basi chote kinaachia. Ndo siri ya kile kidude cha funguo. Ndani kuna springi na kisindano cha chuma kigumu sana, hupigi, unakandamiza tu kwenye kioo, springi ikifika mwisho inajiachia yenyewe, tak.

Juzi kati hapa nilikua na mlango wa Noah wa skrapu, vijana wakaleta vifaa vyao tukajaribu. Kile cha springi kilikandamizwa kwenye kona ya chini, kidole kimoja tu, kioo chote kikashuka mpaka dogo akaruka. Kinyundo cha chungwa kilipiga katikati kikadunda, kikapiga tena kikadunda, tukamwambia apige kwenye kona ndo kikaachia, na hapo dogo ana upana wa kurusha mkono. Ndani ya IST umekaa umefungwa mkanda huo upana huna. Kumi kwa moja sasa, ile ncha yake ilijikunja kabla ya kioo, tukabaki na tochi 😂. Tochi yake inawaka vizuri lakini.

Kona, narudia, kona au pembeni karibu na fremu. Katikati kioo kinanesa.

Baba Junior_Soweto

Dah fundi ubarikiwe sana. Mimi nimebandika tinti vioo vyote vinne vya pembeni hiyo haisumbui?

Fundi Vioo UngaLtd

Haizuii kupasuka ila ukiwa na tinti kioo kikipasuka hakidondoki, kinabaki kimening'inia kwenye ile karatasi kama shuka. Wengi wakiona hivo wanadhani kifaa kimegoma wanaanza kuhangaika na kioo kingine. Hapana, kimeshaisha hicho, sukuma na kiwiko au teke kielekee nje, kinatoka kipande kizima. Vaa jaketi au zungushia kanga mkononi, zile chenga zinakata ngozi jamani.

Alafu shuka kwenye gari ukaangalie kona ya kila kioo kuna muhuri mdogo umeandikwa, ukisoma TEMPERED uko salama, ukisoma LAMINATED ujue hicho ni kama cha mbele. Magari mapya mapya yameanza kuwekewa hivo hata milangoni, wanasema ni kuzuia mtu asirushwe nje na pia kelele zinapungua. Wale AAA, chama cha wenye magari kule Marekani, walijaribu vifaa sita 2019, vya springi vitatu na nyundo tatu, vinne vikapasua tempa, kwenye laminated hakuna hata kimoja kilichofua dafu. Na wakasema vya springi vilifanya vizuri kuliko nyundo, kitu ambacho mimi Unga Ltd nilishakijua bure.

Mama Glory Himo

Ila wapendwa tusisahau kukabidhi safari kwa Mungu kabla ya kuwasha gari. Vifaa bila ulinzi wake ni bure.

Mangi wa Kiboriloni

Amina mama, ila mkanda ukigoma Mungu anategemea na wembe wako.

Fundi nimekubali yaishe.

Guide wa Kaskazini

Naongezea hapa, mimi ni dereva wa utalii, Land Cruiser, porini miaka na miaka. Kifaa kizuri kikiwa dashibodi ndani kwenye kijaluba hakina maana. Gari ikibiringita kila kitu ambacho hakijafungwa kinaruka, simu, chupa za maji, kamera ya mgeni, na hako kadude kako kataenda kukaa chini ya siti ya nyuma huko. Kanuni yangu ni moja: ukae umefunga mkanda, mkanda umekaza, nyoosha mkono wa kushoto kisha wa kulia, pale mikono YOTE inapofika ndo pa kuweka. Mimi changu kipo kwenye kamba fupi kwenye nguzo ya kati ya siti za mbele, na cha pili nyuma kwa ajili ya wageni, na kabla ya kuondoka nawaonyesha. Kuning'iniza kwenye funguo pia ni sawa bora kiwe kile kinachochomoka ukikivuta, maana kama kimekazwa na ringi utaanza kuzima gari uchomoe funguo, na hizi gari za kubonyeza batani funguo yenyewe ipo kwenye mkoba wa shemeji.

Na masika haya mambo ya makorongo. Watu wakiona maji yanapita barabarani wanajitosa. Gari ikiingia kwenye maji mengi inaelea kidogo, nusu dakika mpaka dakika moja hivi, ndo muda wako wote huo. Kuna profesa wa Canada anaitwa Gordon Giesbrecht kazi yake ilikua kuzamisha magari kwenye maji akiwa ndani anapima, na anafundisha mpangilio: mkanda, dirisha, watoto, toka. Mlango USIFUNGUE, kwanza maji yameusukuma haufunguki, ukifunguka ndo gari inajaa inazama mara moja. Dirisha shusha kwa batani wakati maji hayajafika kwenye kioo, umeme wa gari huwa bado unafanya kazi mwanzoni. Likigoma ndo springi. Nyundo ukiwa chini ya maji haipigi, mkono unakua mzito, springi yenyewe haijali maji. Watoto wanatoka kabla yako, mkubwa kwanza maana mdogo unaweza kutoka naye umemkumbatia.

Na usipige simu ukiwa ndani. Toka ndo upige.

Nesi wa zamu

Habari zenu. Mimi nafanya kazi mapokezi ya dharura hospitali moja hapa Arusha, hamjaongelea upande wetu. Mikanda iliyogoma ninayoisikia ni michache kuliko mnavyofikiri, mara nyingi ile batani inabonyezeka vizuri, ni mtu anatetemeka mikono. Kwa hiyo jaribu batani kwanza. Pale ambapo wembe unahitajika kweli ni gari imelala kichwa chini na uzito wa mtu umeshikilia mkanda, na hapo jamani MSIKATE tu, mtu anadondokea shingo. Anayening'inia aweke mkono mmoja juu ya dari la gari ajizuie, na aliye nje amshike mabega, ndo wembe upite. Vuta mkanda ukaze, kata kwa mshazari, kipande cha begani na cha kiunoni vyote viwili.

Kinachotuumiza sisi ni baada ya hapo. Wasamaria wanamvuta mtu mguu huyu mkono huyu, anapakiwa kwenye pikapu amekunjwa, anatufikia na shingo ambayo labda ingepona. Kama hakuna moto, hakuna harufu ya mafuta, hakuna maji, mwacheni alipo, mshikieni kichwa kisicheze, ongeeni naye. Pigeni 114 zimamoto na uokoaji au 112. Kama damu inaruka bonyezeni kwa kitambaa kwa nguvu msiachie kuangalia angalia.

Kaka Baba Junior kama una hela ya kumi kwa moja, nunua kile cha funguo, inayobaki nunua mkasi wa kukatia nguo ule wenye ncha bapa, duka la vifaa tiba wanauza, na glovu jozi kadhaa. Mkasi huo unakata mkanda pia na jinzi, na haumchomi mgonjwa. Kisu kikali kwenye gari iliyopinduka kwa mtu anayetetemeka mimi sikipendi, tumeshashona watu waliookolewa na kisu.

abiria sugu

Sie wa kosta na mabasi mbona mmetuacha jamani, sio kila mtu ana IST. Vile vinyundo vyekundu vya kwenye mabasi vimeshabebwa vyote kimebaki kishikio kimening'inia na maandishi VUNJA KIOO WAKATI WA DHARURA, uvunje na nini sasa, na paji la uso? Nikipanda huwa naangalia dirisha gani ni la dharura na nakaa karibu. Konda alishaniuliza dada unatafuta nini nikamwambia natafuta nyundo, akacheka, abiria wote wakacheka, hakuna aliyeshtuka.

Fundi Vioo UngaLtd

Dada wewe ndo unakihitaji cha springi kuliko wote humu. Kinakaa kwenye mkoba, na vioo vya pembeni vya kosta nyingi ni tempa vilevile. Muhuri uangalie ukishakaa.

Baba Junior_Soweto

Wakuu mrejesho. Nimetoka kuangalia gari, vioo vinne vya milango vyote TEMPERED, na cha nyuma pia. Ila jamaa yangu wa ofisini ana gari jipya la kifahari tukaangalia na lake pale parking, milango ya mbele LAMINATED ya nyuma TEMPERED, na yeye alikua na kinyundo kwenye mlango wa mbele miaka yote anajiona yuko kamili 😅. Nimemwambia aizoee safari ya kurukia siti ya nyuma.

Wife nimemsomea uzi wote. Kumi kwa moja amekubali kuachana nalo shingo upande, kasema basi tochi ninunue peke yake. Kile cha springi nimeona soko la Memorial hapa Moshi vya aina mbili, kimoja elfu tano kimoja kama mara nne yake, kwa macho vinafanana kila kitu. Fundi nitajuaje feki?

Fundi Vioo UngaLtd

Kwa macho hujui. Kikandamize kwenye ubao laini, orijino inatoa mlio mkali na kashimo kadogo ka duara, na inajirudisha yenyewe tayari kwa pigo lingine. Feki springi inabaki imelala au unaona kisindano kimepinda. Wembe jaribu kwenye mkanda wa skrapu, ukikwama katikati rudisha dukani. Nunua vya bei ya juu viwili kimoja mbele kimoja kwa siti ya mtoto, alafu Jumamosi pita hapa Unga Ltd na wife, nina mlango mwingine wa Noah wenye tinti, nataka yeye ndo apasue maana siku ikitokea wewe unaweza ukawa ndo wa kuokolewa. Mje na viatu vya kufunika, sio ndala.

Guide wa Kaskazini

Fundi nami nipo Jumamosi, naleta vijana wawili wapya. Unatoza bei gani kwa kioo?

Fundi Vioo UngaLtd

Bure, ila mtafagia.