Ruhusa za faili la logi hubadilika kila linapozungushwa

Muuliza swali (Moshi):
Ndugu wanajukwaa, natunza programu ya Python inayopokea vipimo vya mizani ya kahawa kwa chama kimoja cha ushirika. Huduma ya wavuti huendeshwa na mtumiaji aitwaye wavuti, ilhali kazi ya usiku ya cron (kiendeshaji cha kazi kwa ratiba), inayokokotoa malipo ya wakulima, huendeshwa na mtumiaji hesabu. Wote wawili wamo katika kikundi cha mizani, na wote huandika katika mizani.log, faili la logi (kumbukumbu za matukio ya programu), kupitia RotatingFileHandler, zana ya Python inayoanzisha faili jipya la zamani likijaa. Niliweka ruhusa 664 (mmiliki na kikundi waandike, wengine wasome tu), lakini kila faili linapofika megabaiti 10 na kuzungushwa, jipya huja na 644 (mmiliki peke yake ndiye huandika) na kazi ya usiku hukwama kwa kunyimwa ruhusa. Je, kuna njia ya kudumu?

Mchangiaji (Arusha, Njiro):
Mkuu, ruhusa ulizoweka hazikupotea, zimehama na faili la zamani. Wakati wa kuzungusha, mizani.log hubadilishwa jina tu kuwa mizani.log.1, kisha hufunguliwa faili jipya kabisa, ambalo huombewa 666 (wote kusoma na kuandika) na kupunguzwa na umask, yaani orodha ya ruhusa za kuondolewa, ya programu iliyoliunda. Umask ikiwa 022, kinachobaki ni 644. Kwa hiyo shughulikia saraka na umask. Ipe saraka ya logi kikundi cha mizani na chmod 2775, ili kila faili litakaloundwa humo lirithi kikundi hicho. Katika huduma ya systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) andika UMask=0002, na kwenye cron tanguliza umask 002 kabla ya amri yako. Ile 777 (kila mtu kufanya lolote) ambayo wengi huikimbilia iache kabisa.

Mchangiaji wa pili (Moshi):
Maelezo hayo ni sahihi, lakini yakifuatwa peke yake yataficha tatizo kubwa zaidi. RotatingFileHandler haikuundwa kwa programu mbili zinazoandika faili moja: moja ikishazungusha, nyingine huendelea kuandika katika mizani.log.1 bila habari, na mistari ya malipo utaitafuta usiione mahali pake. Kila programu iwe na logi yake. Ukilazimika kubaki na faili moja, iachie logrotate (programu ya Linux ya kuzungusha logi) kazi ya kuzungusha kwa agizo la create 0660 wavuti mizani, na ndani ya Python utumie WatchedFileHandler, ambayo hutambua kuwa faili limebadilishwa na kulifungua upya. Kumbuka tu kwamba logrotate hukataa saraka inayoandikika na kikundi kisicho cha root (msimamizi mkuu), mpaka uongeze agizo la su wavuti mizani, ili ifanye kazi kama mtumiaji na kikundi hicho.

Nimeandika 0660 kwa makusudi, kwa sababu logi yenye majina ya wakulima na malipo yao haipaswi kusomwa na kila mwenye akaunti kwenye seva.

Muuliza swali:
Nashukuru. Nitatenganisha logi, kila programu na yake, na umask niiweke 007 badala ya 002, ili wengine wasisome. Je, mhasibu anayesoma tu nimwingize katika kikundi cha mizani?

Mchangiaji wa pili:
Hapana, atapata pia uwezo wa kuandika na kufuta. Mpe ruhusa ya kusoma peke yake kwa setfacl (amri ya kumpa mtumiaji mmoja ruhusa yake mahususi), ukiweka na kanuni ya chaguomsingi kwenye saraka ili mafaili mapya yaifuate.