Darasa letu tuko 64, makala zangu ni 23, na hakuna anayezisoma. Naombeni ushauri

Binti wa Hadubini

Habari zenu wakuu. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, leo nimeona nililete hapa.

Nasoma biolojia, mwaka wa pili. Tangu mwaka wa kwanza nina blogu yangu ambamo naandika kuhusu viumbe wadogo tunaopishana nao kila siku: mchwa, buibui, nyigu, vipepeo. Makala ninayoipenda kuliko zote inamhusu nyigu aliyejenga kiota cha udongo kwenye fremu ya dirisha langu. Nilimfuatilia siku 11. Alileta tope donge kwa donge, kiota kilipokamilika akaanza kuleta buibui. Wale buibui hawakuwa wamekufa. Alikuwa amewachoma wakapooza, ili buu wake akianguliwa akute chakula ambacho hakijaoza. Akaziba mlango kwa tope, akaenda zake. Niliandika hadi usiku wa manane na sikuhisi usingizi hata kidogo.

Asubuhi nikaweka kiungo kwenye kundi la darasa. Juu yake kulikuwa na tangazo la kuhamishwa ukumbi, chini yake mtu akaulizia notsi za jenetiki. Watatu wakaweka dole gumba, mmoja akaandika "hongera sana". Nilipokutana na huyo wa hongera kwenye ngazi, nikamuuliza ameonaje pale kwenye buibui. Akaniuliza, buibui gani?

Niliumia, sitaficha.

Takwimu za blogu zinaonesha kila makala inafunguliwa mara 6 hadi 9. Sitafuti umaarufu wala pesa. Nataka wale ninaokaa nao meza moja maabara wajue ninachokiona, na wanibishie pale nilipokosea. Nimeweka kiungo kwenye kundi mara nne, hadi kiongozi wa darasa akanifuata pembeni kwa upole akaniambia kundi ni la mambo ya masomo. Nimeweka kwenye stetasi. Nimebadilisha rangi za blogu mara tatu. Nifanye nini tena?

Fundi wa Kurasa

Pole dada. Kabla hatujafika mbali, hao 6 hadi 9 una hakika ni watu? Kama unatumia Blogger, kuna sehemu ndani ya takwimu ya kuiambia isihesabu unapofungua mwenyewe. Wengi hawaijui. Unaandika, unarudi kusahihisha neno, unarudi kuangalia picha imekaaje, kila safari unahesabiwa. Na ukiizima kwenye kompyuta, simu yako bado itahesabiwa mpaka nayo uiwekee. Zima kote, subiri wiki moja, ndipo utajua ulipo.

La pili ni picha. Picha ikitoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu mara nyingi ina megabaiti kadhaa. Ukiweka nane kwenye makala moja, mwenzako anayetumia bando anaona ukurasa mweupe, anarudi nyuma. Zipunguze kwanza: upana wa pikseli 1200 unatosha sana kwa simu, na uzito unashuka mno.

La tatu, jitumie kiungo wewe mwenyewe kisha ukitazame kinavyotokea. Kikija na kichwa cha habari na picha ya kiota, mtu anajua anaalikwa wapi. Kikija kama msururu wa herufi na namba, hata mimi singegusa. Rangi achana nazo, hazijawahi kumleta msomaji yeyote.

Msomaji Kimya

Mimi nataka kusema kwa upande wa wale 63, maana nimekuwa mmoja wao. Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akiandika, naye alikuwa akiweka viungo kwenye kundi, nami nilikuwa nikipita. Sikuwa na chuki naye hata chembe. Alikuwa akituma kiungo na maneno "someni makala yangu mpya" basi. Sikujua kama nitatumia dakika 2 au 20, na siku nyingi nilikuwa napita na kitabu mkononi kuelekea kwenye jaribio.

Siku moja akanitumia mimi peke yangu aya mbili, bila kiungo. Zilihusu kitu tulichokuwa tumebishana jana yake tukitoka darasani. Nikazisoma nikiwa nimesimama. Nikamuuliza, ziko wapi zilizobaki? Hapo ndipo akanipa kiungo. Tangu siku ile nilisoma karibu kila alichoandika mpaka tukamaliza.

Kwa hiyo dada, acha kuwatumia wote 63. Mtumie mmoja. Na usimpe mlango wa kugonga, mpe kipande cha kuonja. Ile sehemu ya buibui waliopooza ungenitumia yenyewe kama ulivyoiandika hapa, ningekutafuta.

Halafu kuhusu yule wa "hongera", usimuwekee kinyongo. Mtu akisema hongera bila kusoma, mara nyingi anakupenda wewe, ila kazi yako hajaifikia bado.

Binti wa Hadubini

Asanteni sana. Fundi, nimezima kuhesabiwa kote kuwili. Siku nne sasa: namba imeshuka hadi 1. Nililia kidogo, ila nashukuru kuujua ukweli.

Msomaji, maneno yako yamenigusa. Swali langu: huyo mmoja nimchaguaje? Na je, inamaanisha niache kuandika kuhusu nyigu niandike mambo ya darasani tu?

Mwalimu wa Maabara

Binti yangu, usiache nyigu. Nimefundisha biolojia miaka mingi na ninakuambia, mwanafunzi anayekaa dirishani siku 11 hapatikani kila mwaka.

Lakini fikiria jambo hili. Mwaka 2012 huko Scotland, mtoto wa miaka 9, Martha Payne, alianza blogu ya chakula cha mchana cha shuleni kwake. Baba yake alimsaidia kuifungua. Alipiga picha ya sahani yake, akatoa alama, akahesabu hata matonge. Mwezi Juni mwaka huohuo halmashauri ikamkataza kupiga picha, watu wakapiga kelele, katazo likaondolewa haraka. Blogu ile ikachangisha zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya kulisha watoto wengine mashuleni. Mimi huwa narudi kwenye mwanzo wake: aliandika juu ya sahani ambayo kila mtoto aliyekaa karibu naye alikuwa anaijua. Hakuhitaji kumweleza mwenzake kwa nini jambo lile linamhusu.

Wenzako sahani yao ni ipi? Ni maabara. Wiki hii wamekwama wapi? Nakutajia moja ambalo nimeliona mwaka hadi mwaka: ncha ya mzizi wa kitunguu. Nusu ya darasa hukaa kwenye hadubini saa nzima wakitafuta seli zinazogawanyika, hawazioni, wanaishia kuchora zilizoko kitabuni. Sababu karibu kila mara ni moja: wamekata kipande kirefu, wakaweka kwenye slaidi, kile kioo cha hadubini, sehemu ya juu badala ya ncha yenyewe. Seli zinazogawanyika zimejaa kwenye milimita 1 au 2 za mwisho tu. Wengine hawaachi asidi ilegeze tishu vya kutosha, seli zinabaki zimepandana.

Wewe una jicho la kuliona hilo na kalamu ya kulieleza. Liandike. Kisha usilitangaze, mtafute aliyekwama, kaa naye, na akiondoka mwambie, "nimeyaandika haya mahali fulani". Huyo ndiye mmoja unayemuulizia. Yeye amejichagua.

Na jambo moja ninalolisisitiza: ukiandika makosa ya maabara, usimtaje mwenzako wala usiweke picha ya mchoro wake bila kumuomba. Darasa likianza kuogopa kuandikwa, hutapata msomaji tena, na watakuwa na haki.

Msomaji Kimya

Mwalimu umesema. Niongeze dogo tu: makosa hayo anza na yako. Andika "nilikata kirefu", na aliyekosea kama wewe atasoma hadi mwisho.

Binti wa Hadubini

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Niliandika ya kitunguu. Kwenye slaidi yangu ya kwanza nami nilikuwa nimeweka sehemu ya juu, nikaweka picha yake: seli ndefu zimejipanga kama matofali, hakuna hata moja inayogawanyika. Chini yake nikaweka ya pili, ya ncha yenyewe, kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, zimesimama mstari katikati ya seli inayogawanyika. Picha mbili tu, nimezipunguza kama Fundi alivyosema. Kichwa nikaandika: "Kwa nini huoni seli zikigawanyika".

Sikuweka kwenye kundi. Nilimtumia msichana mmoja tunayekaa meza moja, alikuwa amerudia slaidi mara tano na kesho yake alitakiwa kuwasilisha. Usiku akanijibu, "nimeziona!" na picha ya hadubini yake. Asubuhi kiungo kikawa kwenye kundi, na aliyekiweka ni kiongozi wa darasa. Ameandika, "hii ni ya masomo".

Makala ile imefunguliwa mara 41 bila kunihesabu mimi. Mmoja amenisahihisha muda wa kuacha kwenye asidi, na yuko sawa, nimerekebisha na kuandika chini kwamba nimesahihishwa na mwenzangu. Mimi nilitaka hasa hicho.

Ya nyigu bado ina wasomaji wawili. Lakini jana yule wa meza yangu aliniuliza kama ni kweli buibui wanakaa hai mle ndani. Nimemwambia kiota bado kipo, mlango haujatobolewa, na kesho baada ya maabara anakuja kukiangalia.