Mamangu kaanguka usiku akienda msalani, kakangu ataka akae tu asitembee. Ni sawa kweli?

BintiKibokoni

Assalam aleikum jamaa, poleni na joto. Nina mamangu wa miaka 74, naishi naye Mji wa Kale wa Mombasa ghorofa ya pili, zile nyumba za kizamani ngazi zimesimama wima kama wapanda mnazi. Jumanne ya wiki jana kama saa tisa usiku nikasikia kishindo, kutoka mbio namkuta amekaa chini mlangoni mwa choo, mtalawanda mmoja umeruka kule na taa hakuwasha, ati asituamshe. Alhamdulillahi hakuvunjika ila damu imevilia pajani mpaka leo pamekuwa peusi. Na hii ni mara ya pili tangu Ramadhani, ile ya kwanza alituficha, juzi ndio twaambiwa na jirani.

Sasa kakangu mkubwa amekuja na amri zake. Mama asishuke ngazi, asiingie jikoni, asali kwenye kiti, atafutwe msichana wa kumshika kila akiinuka, na ameshauliza bei ya kiti cha magurudumu (kwa nyumba hii! sijui kitapita wapi). Yeye asema mzee nyonga ikivunjika ndio basi tena. Mimi namuona mama tangu siku hio amekaa tu kitandani, hata sauti imepungua, akiinuka ashika ukuta kama mtu aliye jahazini. Nikimwacha atembee naogopa, nikimkalisha naogopa. Wenye wazee nyumbani nyinyi mwafanyaje? Presha anayo, sukari hana, macho si mazuri sana, dawa zake ameza mwenyewe.

FundiTudor

Wa aleikum salaam dada, pole sana. Kwanza hio mitalawanda itoe leo leo. Mbao juu ya kigae chenye maji ya sabuni hio ni skii, mtafutie champali za mpira zenye mkanda wa nyuma na soli yenye meno, si zile zimekwisha upande mmoja mzee hataki kuzitupa.

Choo sasa. Weka mkono wa chuma wa kushikia, lakini usikubali fundi yeyote aje na drili na skrubu fupi. Kuta za huko kwenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, skrubu yaingia kama kwenye keki na yatoka vivyo hivyo, siku mzee ajitupie uzito wote anakwenda chini na chuma mkononi. Mimi kwa nyumba hizo napitisha bolti ndefu mpaka upande wa pili wa ukuta naweka bamba la chuma nakaza, ama nasimamisha paipu kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti. Na ule wa kutundikia taulo si wa kushikia, nimeona watu wengi wamedanganyika hapo.

Kama choo ni cha kuchuchumaa kuna viti vya kuweka juu yake. Kwa ngazi, ukingo wa kila kidato pigeni mstari wa rangi nyeupe, na kamba au mbao ya kushika iwe pande zote mbili manake kupanda na kushuka mkono hubadilika. Stima ikipotea je? Balbu ya kuchaji, elfu haifiki.

FizioPwani

Dadangu, kakako hajakosea kuogopa, alipokosea ni kwenye tiba. Shirika la Afya Duniani lahesabu watu kama 684,000 kila mwaka wanaokufa kwa kuanguka na walio wengi ni waliopita miaka 60, kwa hivyo si jambo la kupuuza. Lakini siku kumi tu za kitandani zatosha kumla mzee nyama ya mapaja, na mapaja ndiyo yanayomuinua chooni. Mkimkalisha mwezi mzima mtakuwa mmemwandaa vizuri sana aanguke mara ya tatu. Nawaona kila wiki, waliletwa wakitembea kwa fimbo, wakakalishwa kwa mapenzi, sasa wabebwa.

Fundi amesema kweli ila mimi ningeanza nyuma kidogo. Alianguka vipi? Muulize kwa upole na usimuulize mbele ya kakako. Aliteleza, alijikwaa, ama aliinuka kitandani akaona kiza? Kama ni kiza, hata mkimjengea choo cha dhahabu ataanguka.

Apimwe presha amelala kimya dakika tano, halafu asimame, ipimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, ama ya chini 10, hapo damu haimfikii kichwani akisimama na daktari lazima ajue. Watu wengi hupimwa wamekaa tu, wanaambiwa presha nzuri, wanakwenda nyumbani kuanguka.

Pili, dawa zake ZOTE zimwage kwenye sinia uzipeleke, hata za kikohozi, hata piritoni (ile ya mzio). Usicheke, wazee wengi hapa mjini wameza piritoni kila usiku wapate usingizi, na ile huwalevya mpaka asubuhi. Angalia pia ana ya kukojoza na aimeza saa ngapi. LAKINI usimkatie dawa wewe wala kakako, hio kazi ya daktari.

Macho nayo yakaangaliwe. Kama ni mtoto wa jicho, kufanyiwa upasuaji jicho la kwanza peke yake hupunguza kuanguka. Na kama ana miwani ya kusomea na kuonea mbali kwa pamoja, akishuka ngazi avae ya kuonea mbali tu, kile kioo cha chini humdanganya kidato kiko wapi.

Mazoezi: kiti imara kiegemezwe ukutani, ainuke na kukaa bila kusukuma kwa mikono, akiweza mara tano leo basi wiki ijayo saba. Kusimama mguu mmoja ameshika sinki. Kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, pembeni ya meza. Wa-New Zealand wana mpango wao wa hivi wauita Otago, waliufanyia wazee majumbani kwao, wengine wamepita miaka 80, na majaribio yao manne yakijumlishwa kuanguka kulipungua asilimia 35. Hakuna mashine hata moja, ni kiti na vizito vya kufunga miguuni na mtu wa kumkumbusha. Ukitaka kujua amesimama wapi, mwambie ainuke kitini, aende mita 3, ageuke, arudi, akae, kwa mwendo wake wa kawaida. Sekunde 12 au zaidi, mpeleke kwa fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo).

MlaMuhogo

Mi naona mnazidisha sasa, zamani wazee hawakuwa na mafizio na walifika 90. Mkandeni na mafuta ya karafuu moto atapona.

KijanaLikoni

@MlaMuhogo kaka na heshima zako zote, babangu mimi alikandwa siku tatu na mafuta yako hayo. Aliteleza sebuleni, akasema nyonga yauma kidogo, tukaita mkandaji, mzee alia kila akiguswa sisi twasema ni misuli itaachia. Siku ya nne jamaa yetu mmoja muuguzi akaja kumuona tu, hakukaa hata, akafunua shuka akatuonyesha, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelala umeangalia nje. Nyonga imekatika. Siku tatu tulikuwa twasugua mfupa uliovunjika. Mpaka leo sijajisamehe, ukiona mguu hivyo usikande, usimsimamishe, tafuta gari.

Dada mimi nakuongezea mawili tu. La kwanza, kama mamako ameza dawa za kulainisha damu na akagonga kichwa, hospitali siku hio hio hata kama acheka na wewe. Na hata asiyemeza, akianza kusinzia mchana ama kuchanganya maneno wiki mbili tatu baadae, usiseme ni uzee, damu huvuja polepole ndani ya kichwa.

La pili ni kufundishwa kuinuka. Babangu baada ya upasuaji kitu kilichomuogopesha zaidi si kuanguka, ni kulala sakafuni peke yake usiku. Fizio akamfundisha, asikimbilie kusimama, kwanza ajisikilize kama kuna panapouma, halafu ageuke ubavu, apige magoti na mikono, atambae mpaka kwenye kiti, aweke mikono juu, mguu wenye nguvu mbele ndio ainuke. Twafanya Ijumaa baada ya chakula wajukuu nao wafanya, imekuwa mchezo. Ferry twavuka naye kama kawaida kwenda kliniki ila twangoja maji yajae, yakiwa yametoka ule mteremko ni mrefu na una utelezi na watu wasukumana.

BiMkubwaMajengo

Wanangu hamjambo. Mimi ndiye huyo mama mnayemzungumza, si yeye ila ni mwenzake, miaka 72, nimeanguka mara mbili na simu hii nimenunuliwa na mjukuu.

Ntawaambieni kwa nini hakuwasha taa na kwa nini aliwaficha ile ya kwanza. Aliwaficha kwa sababu ya kiti cha magurudumu. Ukishasema nimeanguka, kesho wakunyang'anya funguo, keshokutwa wakunyang'anya jiko, halafu wazungumza juu ya kichwa chako kama hupo, "mama amekula? mama amelala?" Mimi hapa si nipo, niulize mimi. Mwanangu wa kike ukitaka mamako akwambie ukweli mwambie kwanza hakuna kitakachochukuliwa.

Na huyo kakako ameambiwa na nani mama asali kwenye kiti? Asiyeweza ameruhusiwa, sina neno hapo. Lakini anayeweza mwachieni sijida yake. Mara tano kwa siku nashuka mpaka chini na nainuka, nimeweka stuli kando ya mswala naishika nikiinuka, huyo fizio hapo juu ataka nini zaidi?

Dera nimezikata zote zikomee juu ya kifundo, nilikuwa najikanyaga. Na usiku nina ndoo yangu yenye mfuniko kando ya kitanda, sioni haya, haya ni kubebwa. Kitu kingine, mwangalieni anakula nini. Sisi wazee tukiachiwa twala chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni, meno hakuna na hamu hakuna. Nguvu zatoka wapi? Nipikieni mbaazi za nazi, dagaa, yai, maziwa, muone kama ntashika ukuta.

FizioPwani

Shikamoo bi mkubwa. Sina la kuongeza kwenye ile stuli, ntaiiba nikawafundishe wengine.

BintiKibokoni

Marahaba ni zenu wakubwa, mimi nasema shikamoo kwa bi mkubwa wa Majengo, nimemsomea mama maneno yako akacheka mpaka akakohoa, akasema "huyo ananijua."

Samahanini nimekaa kimya siku kumi, nilikuwa nahangaika. Nilimuuliza usiku tuko wawili tu, nikamuapia hakuna kiti cha magurudumu. Akaniambia hakuteleza. Aliinuka haraka manake mkojo ulikuwa wamuunguza, akafika mlangoni macho yakaingia kiza. Na ile ya kwanza vile vile.

Bas nikamwaga dawa kwenye sinia kama nilivyoambiwa. Wallahi nilishtuka. Kuna kidonge cha presha alichopewa kliniki moja, na kingine akapewa mahali pengine alipokwenda na shangazi, na kile cha pili ni cha mchanganyiko, ndani yake mna dawa ya kukojoza ile ile aliyokuwa ameza kando. Majina tofauti, rangi tofauti, dawa moja, na zote azimeza baada ya Isha manake ndio wakati anaokumbuka. Na piritoni, naam, pakiti mbili chini ya mto.

Tukaenda naye kwa daktari na sinia langu kwenye kikapu. Muuguzi akampima amelala, 146, akamsimamisha dakika moja, 118. Mama mwenyewe akasema "hapo ndipo, hapo, kiza hicho." Daktari amemwachia kidonge kimoja tu, cha asubuhi, piritoni amemkataza, na akamwambia akiamka akae ukingoni mwa kitanda achezeshe nyayo juu chini mpaka aone kichwa kimetulia. Usiku sasa aamka mara moja badala ya nne. Kupimwa tena ni wiki mbili zijazo, na macho tumeandikiwa siku.

Kakangu hajakubali yote. Kiti cha magurudumu ameacha kukitaja ila kwa ngazi tumegombana vibaya, mwisho tumeafikiana ashuke mara moja kwa siku na mtu atangulie mbele, na huyo mtu mara nyingi ni yeye mwenyewe, jana nimewaona watoka Marikiti kabeba kikapu na mama nyuma amsimamia amwambia asikimbie.

@FundiTudor ule mkono wa chuma umewekwa, bolti mpaka upande wa pili kama ulivyosema, fundi alilalamika lakini akafanya. Nimejining'iniza mwenyewe kuujaribu hautikisiki. Mama asema ni mzuri sana, amepata mahali pa kuanikia leso zake.