Nani anamlipa anayeuguza? (Kikundi cha "Watoto wa Kibosho")

Jumapili, saa 1 usiku

Mama Glory: Tumsifu Yesu Kristu. Mama leo kanywa mtori nusu kikombe. Mguu wa kushoto bado, tangu kile kiharusi. Pampasi zimebaki tatu.

Dogo Eli: Milele amina. Dada, Jumatano nilitaka nije nikupokee zamu ya kumuuguza mama, bosi kagoma. Eti sheria hainipi ruhusa ya kuuguza mzazi.

Da Happy: Hapo hajakudanganya. Mimi niko utumishi, haya mambo nayaona kila siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, ndugu yako: akifariki tu.

Dogo Eli: Yaani mama akiugua sina siku, akifa ninazo??

Da Happy: Ndivyo ilivyoandikwa. Ukitaka zaidi ni kuelewana na mwajiri, bila malipo. Ila likizo ya mwaka unayo, siku 28. Mwaka huu usizipeleke zote Desemba kwenye pombe ya mbege.

Dogo Eli: 😂😂 nimekusikia

Mama Mdogo Doris: Poleni wanangu. Huku Uingereza anayemhudumia mgonjwa nyumbani saa 35 au zaidi kwa wiki anaweza kulipwa na serikali, inaitwa Carer's Allowance. Masharti yapo: mgonjwa awe anapokea posho fulani ya ulemavu, na kipato cha anayemhudumia kisivuke kiwango.

Mama Glory: Saa 35, mama mdogo? Nikianza kuhesabu Jumatatu alfajiri, Jumanne jioni nimeshazimaliza.

Baba Brian: Hayo ni ya Ulaya. Sisi tusianze kulipana kwa kumlea mama, ni baraka.

Mama Glory: Kaka, baraka naitaka. Ila biashara yangu ya mitumba pale soko la Memorial imesimama tangu mama apate kiharusi, na mwenye kizimba hapokei baraka. Usiku namgeuza kila baada ya saa mbili, nesi alisema akilalia upande mmoja atatoka vidonda. Namvuta na shuka, maana nikimvuta kwa mkono ule uliolegea analia. Mto katikati ya magoti, mwingine mgongoni. Namfuta, nabadilisha. Nikipata usingizi zamu nyingine imefika. Wewe mara ya mwisho kumgeuza ni lini?

Baba Mdogo: Taratibu wanangu.

Baba Brian: Sasa unataka tufanyeje?

Da Happy: Tuanze na vilivyopo. Kaka, wewe ni mwalimu wa serikali. NHIF, bima ya afya ya taifa, wanakukata asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3. Unaandikisha mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wamo. Mama umemwandika?

Baba Brian: Nafasi zimejaa. Watoto watatu na baba mkwe.

Dogo Eli: Baba mkwe 👀👀

Mama Brian: Shemeji Eli nimekuona. Wakwe wanaruhusiwa.

Da Happy: Wanaruhusiwa, shemeji. Lakini Brian keshamaliza chuo, kavuka umri wa utegemezi. Nafasi yake aichukue bibi yake.

Dogo Eli: Na TASAF, ule mfuko wa serikali?

Baba Mdogo: TASAF ni ya kaya maskini, na majina yanapitia mkutano wa kijiji. Nisimame mbele ya watu nimtaje shemeji yangu, mwenye nyumba ya tofali na kihamba cha kahawa na migomba? Sitaki hiyo aibu.

Da Happy: Wakati bima inashughulikiwa, Mama Glory akifika hospitali aulizie afisa ustawi wa jamii. Sera ya Wazee ya 2003 inasema matibabu bure kwa wazee wasiojiweza kuanzia miaka 60, na ustawi ndio wanaopima nani hajiwezi. Sina hakika mama atapita, ila kuuliza si kosa. Aulizie pia mazoezi ya viungo. Mguu ukiachwa hivyo utakakamaa.

Mama Mdogo Doris: Pensheni ya wazee je? Nasikia ipo.

Da Happy: Hiyo ni Zanzibar. Tangu Aprili 2016 mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa kila mwezi hata kama hakuwahi kuajiriwa, walianza na 20,000. Huku Bara hatuna. Halafu ile ni hela ya mzee, si ya anayemuuguza.

Mama Glory: Kwa hiyo mimi kama mimi, hakuna.

Da Happy: Kwa jina lako hakuna mdogo wangu. Ni sisi. Tutafute binti wa kukusaidia asubuhi ili urudi sokoni hata siku mbili kwa wiki. Na kila mwezi mmoja wetu aje Kibosho Ijumaa mpaka Jumapili, alale chumba cha mama, amgeuze yeye. Siyo kuleta mkate, kupiga picha na kuondoka.

Dogo Eli: Hilo la picha limenipata mimi 🙈 Binti mnilipishe nusu.

Baba Mdogo: Nusu nyingine mimi. Kahawa ikiuzwa.

Da Happy: Baba mdogo, binti hatasubiri kahawa. Nitatanguliza.

Mama Mdogo Doris: Kodi ya kizimba niachieni.

Baba Brian: Ijumaa hii nakuja mimi kutoka Arusha. Mama Glory, nitumie picha ya kitambulisho cha NIDA cha mama. Na cheti changu cha kuzaliwa, bila shaka watakitaka.

Mama Glory: Vyote viko kwenye kabati lake. Ufunguo uliondoka nao Pasaka.

Baba Brian: Mimi??

Mama Brian: Uko kwenye gari. Nimeushika hapa.