Mrejesho: Paneli ya ukumbini Bukavu sasa inabadilisha picha

Ndugu zangu, niliuliza kuhusu paneli ya vitufe iliyofungwa ukutani kwenye ukumbi wa parokia yetu, hapa Bukavu: vitufe vinawaka, lakini swichi ya HDMI (kifaa kinachochagua picha ipi iende kwenye projekta, ya kompyuta au ya kamera) haihami chanzo cha picha. Asanteni sana, sasa inafanya kazi.

Mzee mmoja kati yenu aliyesema tuanze na waya wa RS-232, ule unaopeleka amri za paneli kwenye swichi, alilenga penyewe. Fundi wa kwanza aliunganisha TX (ya kutuma) kwa TX na RX (ya kupokea) kwa RX, kwa hiyo amri za paneli hazikuwa zinafika mahali pa kupokelewa. Tukavusha nyaya: TX ya paneli kwenye RX ya swichi, RX kwenye TX, na GND (waya wa ardhi) kwa GND. Bado kimya! Kumbe kasi ya kutuma data nayo ilitofautiana, paneli biti 9600 kwa sekunde, swichi 115200. Tulipoweka zote 9600, kitufe cha kwanza kikaleta kompyuta, cha pili kamera. Wanakwaya walipiga vigelegele.

Angalieni pia alama ya kufunga amri, ile ya mwisho inayoonyesha amri imekamilika. Swichi yetu haitekelezi chochote bila hiyo.

Lililonisumbua zaidi ni umeme, nanyi mnajua unavyokatika huku. Ukirudi, swichi iliamka kwenye chanzo kingine huku paneli ikiwasha kitufe cha zamani. Sasa paneli inangoja kidogo, kisha inatuma yenyewe amri ya kompyuta. Kwangu hilo ni la lazima kwa kila anayefunga kifaa hiki mjini kwetu.

Skrini bado inakuwa nyeusi kwa muda mfupi tukibadilisha chanzo. Hiyo nimeiacha, ni HDMI inapatana upya na projekta.